Akiangusha wa Mbele

Jumapili, 31 Julai 2016

Tumepiga bandari yetu wenyewe.

Naandika tena ili niamini. Bandari yetu! Ndege nne, mabomu yote, gati zima chini ya maji. Meli zetu zilizokuwa zinapakia. Matangi ya mafuta ambayo tungeyatumia sisi wenyewe mechi ijayo. Mwamuzi wa ligi yetu ya ndege za kompyuta akaingia kwenye chaneli na Kiswahili chake cha Nairobi, akauliza kama Kikosi Kibirizi leo tumekunywa.

Mzee Leodgar ndiye alikuwa mbele. Yeye ndiye anayetazama darubini ya kulengea. Sisi watatu wa nyuma, mimi, Nassib na Feliksi, tunabana mbawa zake na kutazama tumbo la ndege yake, basi. Akiangusha wa mbele, wote tunaangusha. Hakuna kuuliza. Ndivyo alivyotufundisha, na ndivyo tulivyomaliza wa pili mwaka jana, watu wa Kigoma ambao wenzetu walikuwa wanatuuliza kama huku kuna intaneti.

Na mimi niliona. Niliona kilima chenye mnara wa taa upande wa kushoto nikajua huu mnara ni wetu, nimeupita mara ngapi nikiruka. Kidole kilikuwa kwenye kitufe cha kuongea. Sikubonyeza. Mabomu yake yakatoka, na mimi nikatoa yangu.

Baadaye Nassib akasema ni upepo, Mzee, umetusukuma. Feliksi akaitikia, ndiyo, upepo. Mimi – na asubuhi nilikuwa kanisani! – nikasema ramani za toleo jipya zinachanganya watu. Mzee akasema haya wanangu, tutajipanga. Waongo watatu.

Hilo ni onyo la pili. La kwanza lilikuwa mwezi wa tano, kosa lile lile. Tukipiga wa kwetu tena kikosi kinafutwa. Jina linaondolewa, na kila mtu aende akacheze karata.

Jumatatu, 1 Agosti

Kazini. Moshi wa mashamba kila upande, kama kawaida ya mwezi huu. Ziwa halionekani kabisa kutoka mnara wetu wa kuongozea ndege, ni weupe tu.

Ndege ya kukodi ya mashirika ya misaada ilikuja na rubani mwenye sauti ya mtu mzima sana, mzungu mmoja wa siku nyingi. Akaniambia yuko juu ya Kidahwe. Nikatazama: taa zake ziko upande wa Simbo. Nikamwambia hupo Kidahwe, acha kushuka, geuka kulia. Akageuka. Hakununa, hakuuliza binti huyu ni wa nani. Alipotua akanishukuru redioni, akaenda zake na maboksi yake ya dawa za kambini.

Kazini ulimi wangu ni wembe. Nikifika nyumbani, mbele ya kompyuta, unakuwa mlenda. Najichukia.

Nassib amefungua kundi jipya la WhatsApp. “Kibirizi 2.” Tumo watu watatu. Yaani Kibirizi yenyewe ina Mzee, na Kibirizi 2 ni Kibirizi bila Mzee. Ya kumsengenya. Nilitaka kutoka pale pale. Sikutoka.

Nassib ameandika kile ambacho kila mmoja alikuwa anakijua peke yake: macho. Mzee haandiki tena ujumbe, anatuma sauti. Ukimwandikia hajibu mpaka umpigie. Nassib anasema hata juzi alipokwenda kumtengenezea kompyuta alimkuta ameukaribia uso wa kioo mpaka pua inagusa. “Mwambie wewe Dada Sia. Mimi alinifundisha jiografia kidato cha kwanza mpaka cha nne. Alinichapa. Nitamwambiaje haoni?”



Jumanne, 2 Agosti

Nimepanga maneno. Nitaanza na afya kwa ujumla. Nitasema mjomba wangu kule Machame alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, sasa anasoma gazeti. Halafu nitasema labda kwa muda tu, Mzee, mtu mwingine akae mbele.

Mjomba sina. Lakini ni kwa nia njema.

Jumatano, 3 Agosti

Nimekwenda Rusimbi, kwa Mzee, baada ya kazi. Nimepeleka ndizi na sukari. Mama Skolastika, mkewe, akanipokea mlangoni kwa furaha hata nikaona haya.

Mzee alikuwa sebuleni, shati limepigwa pasi, kola mpaka juu. Nikamwamkia, akaitikia, akageuza uso upande wa sauti yangu. Si upande wangu – upande wa sauti. Nilisimama kidogo kushoto yeye akawa anatabasamia kabati.

Akanimiminia chai mwenyewe. Alimkataza mkewe asishike birika. Ameingiza kidole kwenye ukingo wa kikombe, anamimina mpaka chai imguse. Nikaitazama ile chai inapanda nikasahau mjomba wangu wa Machame na macho yake yote mawili.

Halafu akasema miwani imevunjika – ilikuwa mezani, nzima! – akaniomba nimsomee ramani ya Jumapili. Nikasoma. Kuruka, kaskazini mashariki juu ya bahari. Kisiwa chenye umbo la figo. Kikishapita kushoto kwetu ndipo tunageuka kulia kwenda bandari ya adui. Kasi, mwelekeo, upepo. Kila nilichosoma alikirudia akiwa amefumba macho, polepole, kama mtoto anayekariri sala ya komunyo ya kwanza. Mara tatu. Hakukosea hata namba moja. Ukumbi mzima wa kichwa chake unafanya kazi sawasawa. Madirisha tu ndiyo yamefungwa.

Nilipata nafasi. Alipomaliza kukariri nikasema, “Mzee.” Akasema, “Soma tena ule upepo.” Nikausoma tena.

Mama Skolastika akanisindikiza mpaka barabarani. Akaniambia bila kuzunguka: anajua nilichokuja kusema, Nassib naye alikuja Jumapili jioni na sura hiyo hiyo, akala akaondoka. Daktari walikwishamwona. Si mtoto wa jicho, ni ule ugonjwa wa jicho usiorudi nyuma. Alipostaafu alikaa mwaka mzima kwenye kiti kile, hasemi, hata redio hataki. Ndipo mtoto wao akaleta ile kompyuta. “Ile ndege ndiyo imemwinua. Mkimwondoa, mnirudishie yule wa kwenye kiti mimi nimfanyeje?”

Nikamwambia ndizi zikiiva zile za juu ndizo tamu.

Alhamisi, 4 Agosti

Ujiji, kwa Nassib, bandani kwake. Watoto wa shule wamejaa wanacheza mpira wa kwenye kompyuta. Kwenye pembe ya nyuma, mashine nzuri kuliko zote – hapo ndipo anapokaa Feliksi.

Feliksi alivuka kutoka Burundi mwaka jana, mwezi wa tano, wakati ule watu walikuwa wamelundikana Kagunga, pale mpakani, hata pa kukanyaga hakuna. Aliletwa hapa kwa meli pamoja na mama yake, wakalala uwanja wa mpira, wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Sasa ana kibali cha kukaa mjini kwa sababu mama amelazwa hospitali. Huko kwao alisomea uhandisi, hakumaliza. Katika sisi wote ndiye anayejua ramani kuliko Mzee, nasema kweli, kuliko hata mimi ninayelipwa mshahara kwa ajili ya ndege. Na mabomu yakianza kulia huvua hedifoni, anazivaa tena yakinyamaza. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nilimwambia basi sema wewe. Mzee anakupenda. Akazungusha kalamu mezani muda mrefu.

“Dada, mie ni mgeni. Nikisema, watasema mkimbizi amekuja kumfundisha mzee wa watu njia za kwake.”

Nikamwambia ni mchezo tu. Akanitazama. Akaniuliza kwa upole kama ni mchezo tu, mbona sisi wenye kwetu tunashindwa kusema.

Nimepanda bodaboda mpaka nyumbani nimekasirika. Kwa sababu amesema kweli.

Ijumaa, 5 Agosti

Hakuna aliyemwambia.

Kibirizi 2 imejaa ushauri wa kila aina. Nassib anapendekeza tumpe Mzee “heshima ya ukocha.” Feliksi ameandika kwamba mama yake ameruhusiwa, kibali kinaisha, Jumatatu wanarudi kambini. Kwa hiyo Jumapili ni ya mwisho kwake. Huko kambini mashine yenye nguvu ya kurusha ndege hakuna.

Amemalizia: nataka tupige mahali penyewe mara moja, niondoke.

Jumamosi, 6 Agosti

Mzee ametuma sauti kwenye kundi kubwa. Maagizo ya kesho. Sauti safi, ya darasani. Kila namba sawa. Mimi namba mbili, bawa la kulia. Nassib kushoto. Feliksi mkiani.

Akamaliza: atakayeona jambo aseme. Nimeisikiliza mara nyingi sehemu hiyo. Huwa hasemi hivyo. Nassib anasema ni maneno ya kawaida tu ya kufunga kikao.

Jumapili, 7 Agosti

Sikwenda kanisani. Sikuweza kukaa mbele ya Mchungaji.

Mchana. Umeme upo, betri ya akiba imejaa. Tumeruka salama, wote wanne, tumeshika safu. Sasa ni bahari tu. Kipande hiki ni kirefu na hakina kazi, ndege inajiendesha yenyewe, kwa hiyo nimeweka shajara karibu na kibodi. Ramani ya ligi haikuonyeshi uko wapi, hiyo ndiyo ladha yake na ndiyo balaa lake. Unajua ulipo kwa dira, saa na macho.

Mzee yuko mbele yangu kushoto. Bawa lake limetulia. Huwezi kujua. Anaruka vizuri mno, Mungu wangu, mikono bado ni ile ile.

Mawingu mepesi chini. Ndege za adui hazijaonekana.

–

Anageuka.

Anageuka kulia, sasa hivi! Bado! Kisiwa hatujakipita. Nimetazama saa yangu, ndiyo, kwa hesabu tuliyosoma Rusimbi muda umefika – lakini upepo leo unatupinga zaidi ya tulivyoambiwa, tumekwenda polepole. Anaruka kwa kichwa. Kichwa chake kinasema kisiwa kimepita.

Tumemfuata. Wote. Kama kawaida.

–

Kile pale. Figo yenyewe, nyeupe pembeni kwa mawimbi. Kilipaswa kuwa kushoto, nyuma yetu. Bado kiko mbele, kushoto! Tumekata kona kabla. Tukienda hivi tunapita kusini, tunazunguka, tunakwenda kutokea pwani yetu. Gati letu. Mnara wetu.

Kibirizi 2:
Nassib – Dada sema.
Feliksi – Dada mmeona?
Mimi – Nassib sema wewe mwanafunzi wake.
Nassib – Sia WEWE ndo namba mbili.
Feliksi hajaandika tena.

Ni kompyuta. Ni kompyuta na viti vya plastiki. Kwa nini moyo unanipiga hivi? Kwa sababu nikifungua mdomo mbele ya wote, mtu mzima yule anabaki uchi, na mkewe yuko chumba cha pili anasikia. Nisipofungua, kikosi kimekufa leo, na Feliksi anapanda gari kesho akiwa amewapiga watu wake tena.

–

Nimesema.

Nimebonyeza nikasema, “Mzee, tumegeuka mapema. Kisiwa bado kiko mbele.”

Injini tu.

Halafu Mzee amesema kisiwa amekiona. Tushike safu. Sauti imetulia kabisa.

Hajakiona. Anajua kwamba najua. Nilimsomea mwenyewe!

–

Nimesema tena. Nimesema, Mzee, hukukiona. Hivyo hivyo, kavu, kama namwambia yule rubani wa Simbo.

Na Nassib – Nassib aliyenibembeleza wiki nzima, aliyefungua lile kundi la umbea – akaingia kwenye chaneli akasema, Dada Sia, punguza, mzee ni mzee.

Nilitaka kuitupa hedifoni ukutani. Nimelia kidogo. Machozi ya hasira, si mengine.

–

Nimetoka kwenye safu. Nimegeuza kushoto, kurudi kaskazini, kisiwa nikiweke mahali pake. Miaka miwili sijawahi kuliacha bawa lile. Nimetazama nyuma: Mzee anaendelea moja kwa moja. Nassib amemng'ang'ania kushoto. Feliksi yuko katikati, hayuko kwake wala kwangu, anaelea.

Halafu Feliksi akainamisha bawa. Anakuja kwangu. Hakusema neno. Mgeni wa watu, na yuko kwangu.

–

Mzee ameongea.

Nayaandika kama alivyoyasema, nisije kesho nikajidanganya. “Sia. Ni kweli. Sijaona kisiwa chochote tangu mwezi wa nne. Shika mbele, unitajie namba, nitakufuata.”

Nassib akapiga kikohozi. Nyuma ya sauti ya Mzee nilisikia mlango unafunguliwa, na Mama Skolastika anasema kitu kwa Kiha, taratibu. Mzee akamjibu kwamba yupo, anaruka.

Nikataja namba. Nikasema geuka kushoto, Mzee, endelea, endelea, hapo hapo. Akaja. Alikuja kwa dira tu, mwendo safi, akakaa bawa langu la kulia. Mahali pangu. Nassib akaja nyuma yake.

Nimeomba radhi redioni. Mzee akasema radhi ya nini, taja mwendo.

–

Kisiwa kimepita kushoto. Nimekiona kwa macho yangu, na Feliksi amethibitisha. Tumegeuka kulia. Mimi ndiye wa mbele. Sikuwahi kujua kwamba huku mbele hakuna kitu cha kutazama. Nyuma kulikuwa na tumbo la ndege ya Mzee. Hapa ni mawingu.

Niko na darubini ya kulengea. Nimeifungua mara ya kwanza kwenye mechi. Jasho limeingia kwenye kibodi.

–

Pwani.

Gati. Matangi, meupe, safu mbili. Meli. Ni bandari, hilo sina shaka. Kuna kilima upande wa kushoto na wingu limekaa juu yake, kileleni sipaoni. Kama chini ya wingu lile kuna mnara, ni kwetu. Kama hakuna, ni kwao.

Hesabu inasema ni kwao. Lakini nilipokuwa nabishana na nilipozunguka kumrudisha Mzee, nani alikuwa anahesabu? Mimi sikuhesabu. Niliangalia saa au niliandika humu? Niliandika humu.

Hakuna anayetufyatulia. Kama ni kwa adui, mbona wamelala? Kama ni kwetu, mbona hakuna mtu anayetuita redioni?

Feliksi ameandika: Dada? Hajaandika zaidi. Nadhani amevua hedifoni tayari.

Milango ya mabomu iko wazi. Ya kwangu, ya Mzee, ya wote. Nimewaona wakifungua mmoja baada ya mwingine, bila kuuliza. Wanatazama tumbo la ndege yangu.

Wingu halisogei.

Mzee ameniuliza, kwa sauti ndogo, kama hataki wengine wasikie ingawa wote wanasikia: “Ndiyo hapa, mwanangu?”

Nimejibu ndiyo, Mzee.

Sina hakika.